Boti za ngozi za watu wa kwenye barafu, hazina hata msumari mmoja. Mafundi wa vyombo njooni huu uzi

Tezo_na_Keekee (Bagamoyo)

Wakuu habari za jioni. Mi ni fundi wa vyombo hapa Bagamoyo, nimejifunza kwa baba na baba alijifunza kwa babu, ngalawa nyingi, mashua kadhaa, na jahazi moja nimeshiriki toka mkuku (uti wa mgongo wa chombo) unalazwa mpaka linashushwa majini, kwaiyo nikiongelea mataruma (mbavu za chombo) siongei kwa kusoma mtandaoni. Leo nimekuja na jambo linaninyima usingizi wiki ya pili hii.

Kuna mgeni alikuja pale tunapojengea, mzee wa makamo wa kutoka Norwe. Hakuwa kama wale wa kupiga picha na kusepa, huyu alikaa chini ya mwembe toka saa tatu mpaka adhuhuri ananiangalia nikigonga misumari, mara anainuka anakuja anapitisha kidole kwenye kiungo cha mbao taratibu kama anampapasa mtoto mwenye homa, anarudi kukaa. Lugha hatuelewani ila mpwa wangu kizungu anakijua akawa anatafsiri. Basi mzee akatoa simu akanionyesha picha. Ya kwanza mifupa ya chombo mitupu, vijiti vyembamba vimefungwa kwa kamba. Ya pili wanawake wamekaa duara wanashona ngozi. Ya tatu chombo kizima kimejaa watu, kipo katikati ya mabarafu makubwa kama nyumba. Anasema hiyo inaitwa umiaki, chombo cha watu wa Alaska na Greenland huko juu kabisa ya dunia, na ndogo yake ya mtu mmoja ndo kayaki, na haina msumari. Nikamwambia mpwa wangu muulize tena labda hujamwelewa. Akamuuliza tena. Hata mmoja.

Sasa niwaambie kwanini imeniuma. Mwezi wa tano nilinunua misumari duka moja hapa mjini, muuzaji kaapa kwa jina la Mungu imechovywa vizuri haishiki kutu, mashua haijamaliza hata kusi moja mwenye chombo ananipigia simu, nikaenda nikakuta vichwa vya misumari vinatoa machozi mekundu na ubao wa pili kutoka mkukuni ukiubonyeza kwa gumba unacheza. Nimeirudia ile kazi bure, mbao kwa hela yangu, pamba ya kulafatia (kuziba nafasi za mbao) kwa hela yangu, sifa (mafuta ya papa ya kupaka chombo) kwa hela yangu. Yaani mimi na chuma changu chote maji yananiingilia kwenye bahari ya vuguvugu, alafu kuna mtu anaingia kwenye maji ya barafu na ngozi na uzi na anarudi nyumbani anakula!

Maswali yangu, pale kwenye mshono maji hayapiti vipi wakati sindano lazima iache tundu? Na mzee kasema kule hakuna miti kabisa, sasa vile vijiti wanavitoa wapi? Na barafu likigonga ngozi si inachanika? Baba nikimuuliza anacheka tu, anasema "hata mitepe ilishonwa" (vile vyombo vya zamani vya mwambao wetu), basi, anaendelea na kahawa yake. Wajuzi karibuni. Na wa kukejeli karibuni ila njooni na faida kidogo mkononi.

Mbishi_wa_Kudumu

Mkuu umepigwa, hizo picha siku hizi zinatengenezwa kwa simu. Ngozi ikikaa majini siku tatu inaoza, muulize yeyote mwenye ngoma. Alafu we fundi mzima unaacha kumdai muuza misumari unakuja kutuuliza habari za Alaska. Mwambie mwenye chombo anunue faiba mambo yaishe.

Mwana_wa_Makorora

Mbishi tulia kaka, hii ipo kweli na mi nimeigusa kwa mkono. Mi mtoto wa Tanga, nilipata skolashipu nikasoma mambo ya uvuvi Tromsø, Norwe ya juu huko, miaka miwili. Nisiwachoshe na habari za baridi ila kidogo lazima niseme. Nilifika mwezi wa nane jua lipo, ikafika mwishoni mwa Novemba likaondoka jumla, yaani halichomozi, mchana unaona weupe kidogo upande wa kusini kama alfajiri alafu basi, mpaka katikati ya Januari. Alafu kuanzia Mei ile ya mwishoni mpaka Julai halizami. Mtu wa Tanga aliyezoea magharibi saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, funga Ramadhani hapo! Msikitini tulikuwa tunafuata ratiba ya Makka.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba wale watu hawajifungii ndani. Wana neno lao *friluftsliv*, tuseme maisha ya hewani, ya nje, Jumamosi mvua ya mawe inanyesha mwenzako anakugongea mlango twende mlimani. Na wana sheria toka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita na kulala kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe, unapiga hema lako ilimradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na siku mbili mahali pamoja ruksa bila kuomba. Jaribuni huku kwetu kupiga hema ufukweni muone mlinzi atatokea wapi.

Haya vyombo. Mkuu Tezo, mgeni wako kakuonyesha vyombo vya watu wengine, si vya kwao. Norwe ya kaskazini wanajenga kwa mbao, msonobari na jamaa zake, na mbao zao hazikutani kichwa kwa kichwa kama zetu, ubao wa juu unaulalia wa chini kidogo kama magamba ya samaki, hapo kwenye kulaliana ndo wanapigilia ribiti za chuma. Wanapandisha mbao kwanza kwa jicho, mataruma yanafuata baadae. Alafu chombo kinapakwa lami ya msonobari, harufu yake nikiivuta nilikuwa nakumbuka sifa ya papa pale Sahare, si kwamba zinafanana ila zote zinakaa kwenye nguo wiki nzima. Hivo ndo walivyokuwa wanakwenda visiwa vya Lofoten kila Januari mpaka Aprili kuvua kodi (samaki jamani, si ile ya serikali), na tanga lao lilikuwa la pembe nne, sio letu la pembe tatu. Huyo samaki wanamtundika nje kwenye machanja bila chumvi, upepo na baridi vinamkausha, ni ng'onda kabisa, na vichwa vinasafirishwa mpaka Nigeria. Ufundi wa vyombo hivyo vya magamba UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi 2021, nchi tano kwa pamoja, Norwe, Denmaki, Uswidi, Ufini na Aislandi. Na jirani zao Wasami, wenye asili ya kule, wao zamani walizishona mbao kwa mizizi ya miti na kano za wanyama. Kwaiyo kushona kupo mpaka huko.

Sasa umiaki na kayaki ni za Wainuiti, wenyeji wa kule kwenye barafu, na ndugu zao. Darasani tulikuwa na dada mmoja wa Alaska, kwao Utqiaġvik, zamani paliitwa Barrow. Kwao mpaka leo masika ya kule, Aprili na Mei, wanaenda kuvua nyangumi kwa umiaki ya ngozi ya sili mwenye madevu, chombo kimoja ngozi sita au saba hivi. Sio kwamba hawana boti za injini, wanazo kibao. Ila ya ngozi haina kelele ikigusa maji na unaiburuta kwenye barafu watu wachache tu mpaka kwenye ufa wa maji. Mwenye chombo anaitwa *umialik*, na ndo nahodha na ndo tajiri. Wakibarikiwa nyangumi mnofu unagaiwa kijiji kizima, na Juni kuna sherehe inaitwa Nalukataq, wanashika ngozi iliyoshonwa pembeni pote wanamrusha mtu juu kama mpira.

Kuhusu kuoza Mbishi yupo sahihi nusu. Chombo cha ngozi kinatolewa majini kinakaushwa, kinapakwa mafuta ya sili, na ngozi inabadilishwa kila baada ya miaka michache. Barafu kali linaweza kuchana kweli, wanaziba kwa kipande cha mafuta ya mnyama, wakifika nchi kavu wanatia kiraka. Ila barafu likigonga butu tu ngozi inabonyea na vijiti vinapinda maana vimefungwa kwa kamba havijapigiliwa, alafu vinarudi. Ubao wako wa mvule uliopigwa msumari haujui kubonyea.

Na swali la tundu la sindano jibu lake nililiona kwenye kayaki kuukuu ya Greenland kwenye makumbusho, niliinama mpaka mlinzi akakohoa. Sindano HAITOKI upande wa pili. Inazama katikati ya unene wa ngozi inatokea upande uleule. Zaidi ya hapo sijui, mi sio mshonaji.

Tichar_Jografia (Bagamoyo)

Nimefurahi huu uzi, naomba nichukue lile swali la vijiti maana ni tamu kuliko mnavyodhani.

Kule juu miti haioti kweli, baridi haiiruhusu. Lakini Siberia ina misitu na mito mikubwa ajabu, Lena, Yenisei, Obi, yote inamwaga bahari ya kaskazini. Mto ukivimba unang'oa miti kingoni, magogo yanaingia baharini, yananasa kwenye barafu, na lile barafu halijatulia, linatembea pole pole kuvuka ncha ya dunia mpaka linatokea upande wa Greenland, miaka kadhaa njiani. Gogo linatupwa ufukweni limeoshwa na chumvi halina hata gome. Mzee wa Kiinuiti analiokota anajenga nalo kayaki, yaani mti uliokua Urusi unavua sili Greenland na mvuvi hajawahi kuona mti umesimama maisha yake yote. Wanafunzi wangu nikiwaambia wanapiga makofi.

Na wazungu walichelewa kulijua hilo. 1881 kuna meli ya Marekani Jeannette ilipondwa na barafu ikazama juu ya Siberia. Miaka mitatu baadae, 1884, Greenland ya kusini wakaokota vitu vyake juu ya pande la barafu, mpaka suruali ya baharia yenye jina lake. Mnorwe mmoja Fridtjof Nansen akakaa akafikiri, kama suruali imevuka, na meli itavuka. Akamtafuta fundi Colin Archer akamjengea Fram, ikashushwa majini 1892, tumbo lake la mviringo laini, sababu barafu likiibana lisiikamate, iponyoke juu kama kokwa ya embe ukiiminya na vidole. Ikakaa ndani ya barafu toka 1893 mpaka 1896 ikatoka nzima, leo ipo Oslo unaenda unaipanda.

Ila nachowapendea hii stori ni kipande kingine. Katikati ya safari Nansen na mwenzie Johansen waliiacha Fram wakaenda kwa miguu na mbwa kuitafuta ncha, hawakufika, na kurudi walitegemea kayaki mbili walizotengeneza wenyewe kwa mianzi na turubai. Siku moja Juni 1896 wamezifunga pamoja wapo juu ya barafu wanaangalia mbele, kamba ikakatika, kayaki zikaenda na kila kitu, chakula, bunduki, nguo. Nansen akavua koti akaruka majini kuzikimbiza kwa kuogelea. Maji yale yanakaribia nyuzi sifuri jamani, vidole vinakufa ndani ya dakika chache, akazifikia hawezi hata kujipandisha, akajipandisha. Siku mbili tatu mbele walarasi, yule sili jitu mwenye meno kama pembe za tembo, akaitoboa ya kwake. Wakaitia kiraka wakaendelea. Kwaiyo msomi mwenye meli imara vile mwisho wa siku roho yake iliokolewa na mianzi na kitambaa kwa mfano wa Wainuiti.

Bi_Sindano

Wanangu mimi mtu mzima sijui mambo ya majukwaa, mjukuu ndiye anaandika mimi nasema. Nipo Ngamiani, Tanga, cherehani mwaka wa 30. Hili swali limesomwa kwangu Jumatatu, leo Alhamisi ndio narudi, maana niliposikia "sindano haitoki upande wa pili" nikasema hiyo naijua, ndio ile ya kukunja pindo la suruali ya kitambaa kizuri, unachota uzi mmoja wa juu tu ili nje isionekane. Lakini kwa ngozi na maji sijawahi. Nikaona nijaribu.

Nikapata vipande vya ngozi ya mbuzi kwa mwamba ngoma mmoja, nikaviloweka vikawa laini kama sikio. Nikalaza kimoja juu ya mwenzie upana wa vidole viwili. Nikashona mstari wa kwanza upande wa juu, sindano inazama nusu ya unene inaibukia palepale, nikageuza nikashona mstari wa pili upande wa chini vilevile. Kwaiyo mishono miwili na hakuna tundu linalopita moja kwa moja, mnanielewa? Maji yakiingia mstari wa juu yanakuta ukuta. Mkono unauma wallahi, ngozi ya mbuzi ni nyembamba, ukizidisha nguvu kidogo umeshatoboa. Hao wanawake na sili zao wana vidole vya chuma.

Cha kwanza nilitumia uzi wa nailoni wa kuvulia. Nikatengeneza mfuko, nikajaza maji, nikaning'iniza kwenye mlimau baada ya alasiri. Kufika isha chini pana kidimbwi, kuku wanakunywa. Mjukuu akasema bibi hao watu walikuwa wanatumia kano za mnyama. Nikaenda bucha nikamwambia nipe zile kano za mguu wa ng'ombe, akaniuliza mama unapika nini leo, nikamwambia nashona boti. Nikaianika juu ya bati siku nzima, nikaigonga na mchi ikachambuka nyuzi nyuzi kama usumba wa nazi. Mfuko wa pili huo nikajaza maji jana alasiri. Leo asubuhi nimeamka kuswali nimeenda kugusa chini kwa kiganja. Pakavu! Isipokuwa kona moja pana unyevu, na hiyo kona ndipo niliposinzia nikatoboa.

Sababu nimeiona kwa macho, nailoni ikilowa inabaki vilevile, kano ikilowa inavimba inajaza tundu lake yenyewe.

Mbishi_wa_Kudumu

Shikamoo mama, hapo nimenyamaza kabisa. Nimemuonyesha mke wangu kacheka hapo kwa bucha mpaka chai imemwagika.

Ila ubishi wangu mmoja nabaki nao. Kama kushona ni dili hivyo, mitepe yetu ilikufa kwanini? Babu zetu hawakuwa wajinga, walipoona msumari wakaukumbatia.

Mjukuu_wa_Nahodha (Pangani)

Mbishi swali zuri. Mtepe ulikuwa unajengwa zaidi huko visiwa vya Lamu, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kubanwa kwa vigingi vya mti, tanga la mkeka la pembe nne (angalieni hapo, pembe nne kama wale wa Lofoten wa kaka Makorora). Na kushona huku kwetu ni kwa kale sana, karne ya 1 huko mfanyabiashara wa Kigiriki kaandika kuna bandari mwambao huu inaitwa Rhapta, na jina lenyewe limetokana na vyombo vilivyoshonwa.

Babu yangu alikuwa nahodha, mitepe aliiona ya mwisho mwisho akiwa mtoto. Alikuwa anasema ukipanda ukiwa mgeni unaogopa maana chombo kinanesa chini ya miguu kama kitanda cha kamba, lakini kikipanda mchangani maji yakipwa na kuegama kinaegama nacho hakipasuki. Ubaya wake ni kufua maji, yaani kuyatoa yanayoingia chomboni. Mchana na usiku kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, kufua maji, na kila mwaka kamba zinakatwa zinashonwa upya. Misumari ikaja ya bei nafuu, watu wa kufua maji na wa kushona wanataka kulipwa, hesabu ikakataa. Haukufa kwa ubaya, ulikufa kwa gharama. Ule wa mfano waliouweka Beit-el-Ajaib Unguja nilibahatika kuuona kabla sehemu ya jengo haijabomoka 2020, nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha.

Na hao Wainuiti kwanini hawakuacha, nadhani ni hivi, chuma walikuwa hawana, mbao ni za kuokota, ila ngozi na kano vipo kila siku maana ndo chakula chao chenyewe. Kila mtu anajenga kwa kilichojaa mlangoni kwake.

Tezo_na_Keekee (Bagamoyo)

Jamani sikutegemea. Bi Sindano shikamoo mara tatu mama yangu, nimemsomea baba posti yako yote neno kwa neno akaacha kahawa. Akaniambia nifuate. Tukaenda nyuma ya nyumba kuna mtumbwi wa babu umelala kifudifudi toka nina akili, watoto wanaukalia tu, akaufuta majani akanionyesha tumboni kuna ufa mrefu kama dhiraa mbili, na ule ufa UMESHONWA. Matundu pande zote mbili yametobolewa kwa keekee, kamba imepita, chini ya kamba kuna makumbi yamekandamizwa na kitu cheusi kimeganda. Miaka yote hiyo nimepita hapo sijawahi kuugeuza. Nikamuuliza mbona hukunifundisha, anasema "hukuuliza, ulikuwa na haraka ya misumari".

Sasa swali la mwisho kaka Makorora, vipimo. Ile kayaki wanaipima kwa kitu gani, wana ramani ya kujengea?

Mwana_wa_Makorora

Hahaha mzee kakumaliza.

Vipimo utavipenda. Hawana ramani, wanapima kwa mwili wa mwenyewe. Urefu wa kayaki ni kama pima tatu za mwenye chombo, pima ileile yetu, mikono imenyooshwa ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Upana ni nyonga zake ukiongeza ngumi mbili. Kwaiyo kayaki ni kama kanzu ya kushonesha, si ya dukani, ukiazima ya mtu mnene unapwaya na ukipwaya unapinduka. Sehemu kwa sehemu vinatofautiana kidogo lakini mtindo ndo huo.

Na kupinduka kwenyewe ni elimu. Huku kwetu ngalawa ikipinduka unaishikilia unapiga stori na mwenzako mpaka mtu apite, maji ya nyuzi 27, 28. Kule ukitoka kwenye chombo umekwisha, kwaiyo hawatoki. Wanavaa koti la ngozi linaitwa *tuilik*, limekazwa usoni, mikononi, na chini linafungwa kwenye mdomo wa tundu unalokalia, wewe na chombo mnakuwa kitu kimoja. Kikigeuka kichwa chini miguu juu unapiga kasia moja la namna yake unaibuka upande wa pili. Greenland wana mashindano ya hayo mambo mpaka leo, namna za kuibuka zipo zaidi ya 30, mpaka ya kuibuka bila kasia, ya kuibuka umeshika jiwe. Mi nilijaribu kwenye bwawa la kuogelea la maji moto, nikanywa maji mpaka mwalimu akanivuta kwa kola. Mtoto wa Tanga nimezaliwa baharini, aibu niliyoipata siisemi.

Bi_Sindano

Mwanangu Tezo, mwambie baba yako ule weusi chini ya kamba ni nini, asije akafa nao.

Tezo_na_Keekee (Bagamoyo)

Nimemuuliza mama. Chokaa na mafuta ya papa, anasema na kitu cha tatu ila mpaka aone nimeshika sindano ndo ataniambia.

Basi nimeamua nijenge kimoja kidogo, cha mtoto wangu, pima tatu za kwake yeye ana miaka tisa. Vijiti nitatumia mkandaa, kamba ya makumbi. Ngozi ya mbuzi ntahitaji kama nane. Mama kano za miguu ya mbele au ya nyuma?

Bi_Sindano

Nyuma. Na usiianike kwenye jua kali la saa saba, inakatika. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja Bagamoyo kwenye harusi, nitakuja na sindano zangu, wewe loweka ngozi Ijumaa usiku.

Mbishi_wa_Kudumu

Mods huu uzi msiufunge, mi nakuja na ndoo kufua maji.